Meseji ya Pesa Si Hati ya Nyumba

Ni Jumamosi mchana. Mmetoka kuangalia ploti pande za Kitengela, jua kali, viatu vimejaa vumbi. Mmeipenda. Stima iko karibu, barabara inapitika. Hata kabla mfike stejini, dalali anapiga simu: "Madam, kuna mtu mwingine ameipenda hiyo ploti na ako na pesa mkononi. Wewe tuma tu elfu hamsini tukushikie. Makaratasi tutafanya wiki ijayo."

Unafungua simu, unaweka nambari ya siri, na pesa imeenda. Sekunde kumi hivi.

Sisi ndio tunaofanya iende kwa sekunde kumi. Hiyo ndiyo kazi yetu, na ukituma tunapata ada yetu. Kwa hivyo tunajua tutashangaza wengine tukisema hivi: ukiwa unanunua nyumba au ploti, haraka ya simu haikusaidii. Kutuma pesa kuwe jambo la mwisho, baada ya mengine yote kukamilika.

Meseji inasema nini hasa

Soma tena meseji yoyote ya malipo uliyo nayo. Inakuambia kiasi, saa, na jina la aliyepokea. Haisemi pesa ilikuwa ya nini. Haisemi kwamba aliyepokea ndiye mwenye ile nyumba.

Sheria yetu ya mikataba iko wazi kuhusu ardhi: makubaliano ya kuuziana lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na sahihi hizo zishuhudiwe. Bila karatasi hiyo, kile ulicho nacho kwenye simu ni ushahidi kwamba fulani alipokea pesa yako. Hapo unafuata deni, hufuati nyumba.

Wengi hutupigia wakiuliza kama tunaweza kuwarudishia pesa. Tunajibu kwa uchungu, lakini ukweli ni huu: huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya mtu aliyekosea nambari, tena ikiwa pesa bado haijatolewa. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyetuma kwa hiari yake kisha akajuta. Ukituma kwa dalali mwenyewe, kwa nambari sahihi, hilo linakuwa jambo la polisi na mahakama. Na wakati huo pesa ishatolewa zamani.

Jina ni lile lile?

Kama utakumbuka jambo moja tu kutoka hapa, likumbuke hili. Kuna sehemu nne ambapo jina la muuzaji linafaa kuonekana: kwenye matokeo ya upekuzi wa ardhi, kwenye kitambulisho chake, kwenye mkataba, na kwenye stakabadhi ya malipo. Jina likibadilika njiani, simama.

Hapa ndipo watu huumia. Kikomo cha pesa za simu ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Kwa hivyo mtu anayelipa milioni moja kwa simu huigawa vipande vipande. Anatuma nusu leo, mumewe anatuma nyingine kesho, ndugu anamalizia. Upande wa pili, dalali anasema laini yake imejaa, tuma kwa mke wangu, na hiyo nyingine tuma kwa "ofisi". Mwishowe kuna meseji sita, watumaji watatu, wapokeaji watatu, na hakuna hata mmoja ambaye jina lake liko kwenye hatimiliki. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lipo ndani ya simu, lakini limeandikwa majina ya watu wengine.

Ukiona unalazimika kugawa malipo ili yapite kwenye simu, chukulia hiyo kama ishara. Pesa ya kiwango hicho ipitie benki, iende kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kulingana na mkataba uliotiwa sahihi.

Mpangilio tunaoupendekeza

Kwanza, fanya upekuzi rasmi, ile watu huita sachi. Kwa ardhi ya Nairobi, rekodi zimekuwa zikipatikana kwenye mfumo wa Ardhisasa tangu ulipozinduliwa Aprili 2021. Kwingine, uliza ofisi ya ardhi ya eneo hilo. Ada ni ndogo na unaweza kuilipa kwa simu kupitia Paybill ya serikali, 222222. Kwa malipo kama haya simu inafaa kabisa. Matokeo yatakuonyesha mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna mkopo wa benki au zuio juu yake. Usikubali nakala ya sachi uliyoletewa na muuzaji. Fanya yako.

Pili, peleka soroveya aliyesajiliwa akuonyeshe alama za mipaka. Kuna watu wameonyeshwa ploti nzuri kando ya barabara, kumbe nambari iliyo kwenye hati ni ya ploti ya kule bondeni. Uliza pia kama hati ni ya ploti yako hasa, au ni hati ya shamba zima ambalo halijagawanywa. Cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba si hatimiliki.

Tatu, uliza kuhusu familia. Tangu sheria ya mali ya wanandoa ya 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mke au mume. Ukiambiwa "huyo hana shida, nitamwambia," jibu: akuje atie sahihi. Na kama ni shamba la kilimo, uliza kuhusu idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi.

Nne, tafuta wakili wako mwenyewe, asiwe yule wa muuzaji. Hakikisha jina lake liko kwenye orodha ya Chama cha Mawakili Kenya (LSK) na kwamba ana leseni ya mwaka huu. Dalali naye anafaa awe amesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba.

Tano, sasa mkataba. Kawaida amana ni asilimia 10, na salio hulipwa katika muda wa siku 90 hivi. Mkataba ueleze amana inashikiliwa na nani, na itarudi vipi mambo yakiharibika.

Halafu ndipo utume.

Weka pia hesabu ya gharama nyingine. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani kama ardhi iko mjini, asilimia 2 kama iko mashambani. Ploti ya milioni 3 mjini ni shilingi 120,000 zaidi. Usimalize akiba yote ya chama kwa bei peke yake, kisha ukose pesa ya kuhamisha hati.

Hata hati yenyewe iangalie mara mbili

Mwaka wa 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa kwamba hatimiliki peke yake haitoshi ikiwa ardhi ilipatikana kinyume cha sheria tangu mwanzo. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, familia za Mavoko zilitazama nyumba zao zikibomolewa baada ya mahakama kusema ardhi ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Wengi walikuwa wamelipa pesa ya kweli, wakajenga kwa mawe ya kweli.

Kwa hivyo mwambie wakili wako afuatilie historia ya ardhi hadi mwanzo wake. Uliza majirani. Uliza chifu. Haya ni maswali ya bure.

Na wewe unayeuza

Wauzaji pia huporwa, na mara nyingi kwa meseji. Mtu anakuja, mnakubaliana, meseji inaingia: umepokea kiasi fulani. Unampa funguo, au mbaya zaidi, hati ya asili. Baadaye unaangalia salio, hakuna kitu. Meseji iliandikwa na yeye mwenyewe. Usiamini meseji, angalia salio. Na hatimiliki ya asili isitoke mikononi mwako au mwa wakili wako hadi pesa iingie, au benki ya mnunuzi iwe imetoa ahadi ya maandishi kwa wakili.

Pia jipange na KRA. Tangu Januari 2023, ushuru wa faida unapouza mali ni asilimia 15, kutoka asilimia 5. Unatozwa kwa faida, si kwa bei yote. Ulinunua kwa milioni 2, ukatumia 300,000 kwa gharama zinazokubalika, sasa unauza kwa milioni 4: faida ni milioni 1.7, ushuru ni 255,000. Kwa hivyo weka risiti zako. Kama nyumba hiyo ni makazi yako na umeishi humo mfululizo kwa miaka 3 kabla ya kuiuza, kuna msamaha. Uliza wakili kabla ya kutaja bei.

"Lakini ploti itachukuliwa"

Hili ndilo jibu tunalopata kila tukisema haya. Na ni kweli, inaweza kuchukuliwa. Wakili pia ni gharama, na si kila mtu ana muda wa kukaa foleni ofisi ya ardhi. Wengine mko Doha au Riyadh, na macho yenu huku ni ndugu tu.

Tunaelewa. Lakini jiulize, huyo mtu "mwenye pesa mkononi" mbona hajalipa? Muuzaji wa kweli anaweza kungoja siku chache za sachi, kwa sababu yeye pia anataka mnunuzi wa kweli. Asiyeweza kungoja hata hizo siku, mara nyingi anajua sachi itaonyesha nini. Ukiikosa ploti umekosa ploti moja. Ukituma kwa mtu asiye mwenyewe, umekosa ploti na akiba ya miaka kumi pia. Na ukiwa ng'ambo, mtumie wakili pesa ya sachi kwanza, kabla ya kumtumia ndugu pesa ya kununua.

Kabla ya kuthibitisha malipo, simu hukuonyesha jina la mpokeaji. Tuliliweka hapo makusudi. Lisome, kisha fungua matokeo ya sachi ulinganishe. Kama majina hayafanani, bonyeza katisha, na umwambie dalali akupigie Jumatatu.