Mbio za msaada na mbio za muda: nani anapewa nafasi?

Kijana wa Katindo anayeamka alfajiri kukimbia, kabla wanamotari hawajajaa barabarani, anatafuta kitu kimoja: muda. Dakika na sekunde zinazotambuliwa, ambazo anaweza kuwaonyesha waandalizi wa mbio za nje. Lakini siku hizi mbio nyingi kubwa zina mlango wa pili, na kwenye mlango huo mtu haulizwi anakimbia namna gani. Anaulizwa ataleta pesa ngapi.

Ugomvi huo unaonekana wazi Boston, Marekani, ambako mtu anapaswa kwanza kufikisha muda uliowekwa kwa umri wake. Kwa mbio za 2025, watu 36,393 waliomba nafasi wakiwa na muda huo. Watu 12,324 kati yao walikataliwa, nafasi hazikutosha. Wakati huohuo wengine waliingia bila muda wowote, kwa sababu walikubali kukusanya maelfu ya dola kwa ajili ya mashirika ya misaada. Aliyejitesa miaka mingi anaona amenyang'anywa haki yake.

Upande wa pili nao una hoja nzito. Mbio za London, tangu 1981, zimekusanya zaidi ya pauni bilioni moja za misaada. Karibu na kwetu, Dar es Salaam, mbio za benki ya CRDB zilizoanza 2020 zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mtoto aliyepona hajali kama aliyemchangia alikimbia ao alitembea akipiga picha.

Tena kuna jambo ambalo wakimbiaji wakali husahau. Muda unaotambuliwa una gharama. Njia ya kilomita 42 na mita 195 inapimwa na mtu mwenye kibali, kwa baiskeli yenye kihesabio maalum, na mita moja inaongezwa kwa kila kilomita ili njia isitokee fupi. Barabara zifungwe, waganga wasimame njiani. Mara nyingi ni umati unaosaidia kulipa hayo, kwa viingilio vyao na kwa wafadhili wanaowafuata. Kuufukuza ni kumfukuza anayekulipia njia.

Tatizo linaanza pale anayetembea anapowekwa mbele ya anayekimbia, ao pesa zote zinapoishia kwenye fulana na jukwaa, njia ikabaki bila kupimwa. Goma, mji wa mashirika, tunaijua desturi hiyo: jina la wakimbizi linatumiwa (wakimbizi na wakimbiaji, maneno yanayokaribiana mno kwetu), bendera zinapepea, kisha kimya.

Kigali wamepata njia. Mbio zao za kimataifa za amani, zilizoanza 2005, zina kilomita 42 na 21 kwa wanaoshindana, na kilomita 10 kwa wanaokimbia kwa ajili ya amani tu. Kwa mwanariadha wa Goma, hasa tangu uwanja wa ndege ulipofungwa Januari 2025 wakati M23 ilipochukua mji, huko ndiko karibu, akiwa na nauli na karatasi za mpaka.

Atakayeandaa mbio hapa anaweza kuwatanguliza wenye kasi nusu saa mbele, na kutenga pesa za kupima njia kabla ya kushona fulana. Na hesabu ibandikwe penye watu: kilichoingia, kilichotumika, kilichofika kwa wakimbizi.