Kabla ya giaboksi kushuka, mfikirie aliye chini yake

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwenu mnaishi kwa jasho la lori, leo nina neno nawe. Na hata kama hamna lori, huenda katika beseni lako hufuliwa ovaroli ya makanika. Basi neno hili ni lako pia.

Majuzi nilikuwa Ogwedhi, kituo kile cha biashara kilicho karibu na mpaka wa Kaunti za Migori na Narok. Malori hayakosi huko. Mengine hubeba mahindi kutoka upande wa Transmara, mengine hubeba miwa kuelekea Awendo, kwenye kiwanda cha Sony kilichoanza kusaga mwaka 1979.

Kando ya barabara lilisimama lori moja, klachi imeungua. Mwenye lori alikuwa mama mjane aliyeachiwa gari hilo na marehemu mumewe. Shule zilikuwa zinafunguliwa juma lililofuata, na karo ya watoto wawili ilitegemea safari za lori hilo hilo.

"Fundi, nifanyie haraka mwanangu," mama alisihi. "Kesho alfajiri nataka liwe barabarani."

"Usijali mama, leo leo giaboksi itakuwa chini," fundi akajibu.

Akapiga jeki, akapanga mawe chini ya chasi, kisha akamwita kijana wake, mwanagenzi wa miaka kama kumi na saba. Kijana akatandika gunia, akalala chali. Mpango ulikuwa kwamba nati zikiisha kufunguliwa, aipokee giaboksi kwa mikono na kifua.

Hapo mzee mmoja, dereva mstaafu aliyekuwa akinywa chai kibandani, akainuka na kikombe mkononi. "Omera, mtoe huyo mtoto hapo chini," akasema. "Hiyo ni giaboksi, si kapu la samaki."

Fundi alinuna, lakini alimtoa. Muda wa saa mbili hivi ukapotea wakitafuta magogo na jeki ya pili ya kuazima.

Msomaji, huenda unangoja nikwambie kwamba jiwe lilipasuka na lori likaanguka. La, halikuanguka. Siku hiyo hapakutokea lolote, na siku nyingi huwa hapatokei lolote. Ndiyo sababu tumezoea. Lakini ajali haihesabu siku ulizosalimika.

Kwa nini lazima ishuke?

Klachi hukaa kati ya injini na giaboksi. Ni sahani yenye utando mgumu pande zote mbili, ambayo hubanwa kwenye flaiwili ya injini na kile mafundi wanachokiita presha pleti. Ukikanyaga klachi, beringi husukuma springi za presha pleti, sahani ikaachiliwa, nawe ukabadilisha gia. Utando ukiisha, injini hunguruma lakini gari haliendi. Kuifikia sahani hiyo hakuna njia ya mkato. Sharti giaboksi itoke.

Na giaboksi ina uzito. Ya lori la kawaida huweza kupita kilo 100, na ya malori makubwa hupita hata kilo 200. Gunia la mahindi la kilo 90 unalijua, na wajua wanaume wangapi hulipandisha. Sasa fikiria chuma kizito kuliko gunia hilo, chenye kuteleza kwa oili, kikimshukia mtu aliyelala chali.

Kama wewe ndiye mwenye gari, simama hapo na udai mambo haya. Gari liwe mahali tambarare penye ardhi ngumu, si juu ya matope. Magurudumu yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Uzito wote ukalie stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa vizuri, kwa maana jiwe hupasuka bila kutoa taarifa. Waya wa betri ufunguliwe kabla ya yote.

Oili ya giaboksi imwagwe kwenye chombo, isiachwe ikatiririka hadi kwenye mtaro. Propela shafti itiwe alama kabla ya kufunguliwa ili irudi kama ilivyokuwa, la sivyo gari litatetemeka. Injini nayo itegemezwe, kwani giaboksi ikitoka, injini huweza kuinama nyuma.

Kisha giaboksi iwekewe jeki yake yenyewe ndipo nati za mwisho zifunguliwe. Ivutwe nyuma sawasawa, bila kuachwa ining'inie kwenye shafti yake. Ikining'inia wakati wa kurudishwa, itapinda sahani mpya uliyoinunua kwa taabu, na kazi yote utairudia.

Maadamu giaboksi iko chini, usibane senti mahali pasipofaa. Flaiwili ikaguliwe kama ina nyufa au madoa ya buluu yaliyotokana na moto. Oili sili ya nyuma ya injini ikivuja, ibadilishwe, kwa kuwa oili ikigusa klachi mpya itaanza kuteleza. Beringi nayo iwe mpya. Bei ya beringi si kitu ukilinganisha na kushusha giaboksi mara ya pili.

Vumbi linalokwenda nyumbani

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata yule mzee hakulisema. Nyumba ya klachi ikifunguliwa, ndani huwa mna vumbi jeusi. Mafundi wengi hulipuliza kwa upepo wa kompresa, au kwa mdomo.

Msomaji, kwa miaka mingi utando wa klachi na wa breki ulitengenezwa kwa asbesto. Uzi wa asbesto ni mwembamba kiasi kwamba huwezi kuuona kwa macho, nao ukiingia mapafuni hukaa humo. Huleta kovu la mapafu na saratani, na mara nyingi ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Shirika la Afya Duniani linasema kila aina ya asbesto husababisha saratani. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 1999.

Mwaka 1965 watafiti wa London walichapisha uchunguzi wao kuhusu saratani inayoletwa na asbesto. Kati ya wagonjwa walikuwamo watu ambao hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Kosa lao lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi. Wengi wao walikuwa wake waliofua nguo za waume zao.

Spea za siku hizi nyingi hazina asbesto, lakini kwa kutazama tu huwezi kujua, na malori yetu mengi ni makuukuu. Kwa hiyo vumbi lisipulizwe. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa hicho kitupwe kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Ovaroli ivuliwe gereji, isikung'utwe mlangoni, ifuliwe peke yake wala si pamoja na nepi za mtoto. Baba asimkumbatie mwanawe kabla ya kuoga. Ukinunua utando mpya, uliza ulio na maandishi kwamba hauna asbesto.

Wako watakaosema mambo haya ni ya gereji kubwa za mjini. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inagusa kila mahali pa kazi nchini, hata chini ya mwembe. Yule kijana aliyelala juu ya gunia ni mfanyakazi, na ana mama yake pia.

Na wewe dereva, usiegemeze mguu kwenye klachi ukiwa safarini, usilizuie gari mlimani kwa klachi badala ya breki, wala usiondoke na gia ya tatu ukiwa umejaza miwa. Mwisho wa mazoea hayo ni giaboksi chini na kijana chini yake.

Lile lori la Ogwedhi liliondoka kesho yake alasiri, si alfajiri. Mama alipoteza nusu siku. Nilimwona akihesabu noti zake mara mbili, kisha akatoa moja na kumpa yule mwanagenzi.

"Kanunue chai, nyathina," akamwambia.

Kijana akaipokea kwa mikono miwili, mizima.

Hadi Jumapili ijayo msomaji, jihadhari.