Kriketi Shuleni na Kazi ya Wazazi

Mwalimu apendaye kriketi akihamishwa, aghalabu kriketi nayo huhama. Magongo hubaki stoo, mikinga ya miguu huliwa na panya, na muhula mmoja ukiisha uwanja huwa wa mpira wa miguu peke yake. Jambo hili limeonekana katika nchi nyingi, wala si kosa la watoto, maana mtoto hucheza mchezo wo wote aliofundishwa. Kosa ni kuutwika mchezo mzima juu ya mabega ya mtu mmoja, ambaye analipwa kwa kufundisha hesabu au Kiingereza, na ambaye siku ya Jumamosi analo shamba lake na watoto wake mwenyewe.

Waingereza, wenye asili ya mchezo huu, walijifunza hayo kwa uchungu. Katikati ya miaka ya 1980 walimu wa Uingereza walikuwa na ugomvi mrefu na serikali juu ya mishahara. Wengi wao waliacha kazi zote wasizolipwa, na michezo ya jioni na ya Jumamosi ilikuwa ya kwanza kuachwa. Mwaka 1987 masharti mapya yaliweka saa 1,265 za kazi kwa mwaka, na mwalimu akajua saa yake inaanza wapi na inakoma wapi. Hakuna awezaye kuwalaumu. Mtu hawezi kudaiwa kila siku kitu alichokuwa akikitoa kwa hiari. Lakini ugomvi ulipokwisha, kriketi haikurudi kama zamani katika shule nyingi za serikali. Viwanja vingine viliuzwa. Shule zenye ada kubwa ziliendelea kucheza, hata wanafunzi wao wakawa wengi katika timu ya taifa kupita kiasi cha idadi yao katika nchi.

Waliouokoa mchezo kwa watoto wa watu wa kawaida walikuwa hasa vilabu vya vijiji na mitaa, ambako baba na mama waliowaleta watoto jioni walijikuta wamepewa kazi. Mwaka 2005 ulianzishwa mpango uitwao Chance to Shine, wa kuirudisha kriketi katika shule za serikali kwa kuunganisha kila shule na klabu iliyo karibu. Mwaka 2017 Bodi ya Kriketi ya England na Wales ilianza mpango mwingine, All Stars Cricket, wa majuma manane kwa watoto wa miaka 5 hadi 8. Katika mpango huo wazazi wa kujitolea walifundishwa kwanza, kisha wakaingia uwanjani pamoja na watoto badala ya kukaa garini wakisoma gazeti.

Msomaji wa Kenya aweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Na ayatazame majina ya timu yake mwenyewe. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya iliwashinda West Indies katika Kombe la Dunia, ikiwatoa wote kwa mikimbio 93. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Gymkhana mjini Nairobi, iliwashinda Sri Lanka, na mwaka huo huo ikafika nusu fainali. Katika orodha za wachezaji wa miaka ile kuna ndugu watatu wa jina la Obuya, ndugu wa jina la Suji, ndugu wa jina la Odumbe, ndugu wa jina la Tikolo. Mchezo ulikuwa umeingia nyumbani, na mkubwa alimrithisha mdogo. Kizazi kile kilipozeeka, waliokuwa nyuma yao walikuwa wachache. Mwaka 2011 Kenya ilishindwa michezo yake yote sita ya Kombe la Dunia, na mwaka 2014 ikapoteza haki ya kucheza michezo rasmi ya kimataifa ya siku moja. Magomvi ya uongozi na ya fedha yalichangia sana. Lakini nyumba chache haziwezi kulisha timu ya taifa daima, zisipokuwapo shule nyingi nyuma yao.

Kwa upande wa sheria, njia iko wazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inatambua Chama cha Wazazi katika kila shule ya serikali. Chama hicho hukutana juu ya madarasa, chakula na michango. Hakuna kinachokizuia kuwa na kamati ndogo ya kriketi yenye watu watano au sita.

Mwalimu mkuu asisimame katika mkutano na kuomba "msaada" tu. Ombi la namna hiyo hupigiwa makofi, na Jumamosi haji mtu. Afadhali aje na karatasi yenye kazi zilizoandikwa moja moja pamoja na tarehe zake: nani atamwagilia na kushindilia uwanja Ijumaa, nani ataandika kitabu, nani atapika uji, nani atafuatana na watoto ndani ya gari. Mzazi mwenye kazi nyingi huogopa kuahidi muhula mzima, lakini saa mbili za Jumamosi moja katika mwezi hazimtishi. Wala isidhaniwe kwamba uji ni kazi ya akina mama na uamuzi ni kazi ya akina baba. Wako akina mama wanaozijua sheria za kriketi kuwapita waume zao, na wako akina baba ambao uji wao hunyweka.

Kazi inayofaa kupewa makarani ni kitabu cha hesabu ya mchezo. Sheria za kriketi zataka waandishi wawili, kila mmoja na kitabu chake, na mara kwa mara, kwa mfano kila baada ya ova, yaani mitupo sita, walinganishe hesabu zao. Mtu aliyezoea kitabu cha fedha ataona mara moja kwamba ni kazi ya namna ile ile. Upande mmoja huandikwa mikimbio ya kila mpigaji, na chini yake ile ya ziada. Jumla yake ni jumla ya timu. Upande wa pili huandikwa mikimbio iliyotolewa na kila mtupaji. Kwa huyo huongezwa mipira aliyoitupa mbali mno na mpigaji, au kinyume cha sheria, kwa kuwa kosa ni lake. Lakini hahesabiwi mikimbio iliyopatikana kwa mpira uliopita bila kuguswa na gongo, wala kwa mpira uliogonga mwili wa mpigaji. Hizo zikijumlishwa na mikimbio ya watupaji, pande mbili lazima zilingane. Zisipolingana, kuna mtoto aliyeibiwa. Mtoto wa miaka 11 aliyepata mikimbio 7 kwa jasho lake, akaandikiwa 5, hulikumbuka jambo hilo kwa miaka, na baba yake pia. Karani mtulivu mwenye penseli iliyochongwa vizuri huzuia ugomvi mwingi kuliko mwamuzi.

Wakulima nao wana kazi yao. Urefu wa njia ya kuchezea kutoka wiketi hadi wiketi ni yadi 22, ila kwa watoto wadogo yadi 16 zatosha. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi ni hatari, kwa sababu mpira ukigonga ufa huruka po pote. Katika Afrika Mashariki kriketi ilichezwa kwa miaka mingi juu ya mkeka wa nyuzi za makumbi, na njia hiyo ingali nzuri kwa shule isiyo na maji ya kumwagilia majani. Mkeka hutandikwa juu ya saruji, au juu ya udongo ulioshindiliwa sawasawa, kisha huvutwa na kukazwa kwa vigingi pande zote. Mkeka uliolegea ni mbaya kuliko kutokuwa na mkeka.

Katika mwaka wa kwanza wasicheze na mpira mgumu. Mpira wa tenisi na gongo lililochongwa na seremala wa kijiji yanatosha. Tena uchaguliwe mchezo wa wawili wawili unaochezwa na watoto wadogo Uingereza: kila timu huanza na mikimbio 200, kila jozi hupiga kwa idadi ya ova iliyowekwa, na mpigaji akitolewa timu hupunguziwa mikimbio 5, lakini yeye huendelea kupiga. Mpango huu ni wa maana hasa kwa ajili ya wazazi. Mama aliyetembea maili tatu kumtazama binti yake, akamwona akitolewa kwa mpira wa kwanza na kukaa chini mchana kutwa, hatarudi Jumamosi ya pili.

Mpira mgumu ukianza kutumiwa, kamati haina ruhusa ya kulegea. Una uzito wa gramu 156 hadi 163, na hauna huruma. Mpigaji na avae kofia ngumu yenye wavu wa chuma usoni, glovu, mikinga ya miguu, na kinga ya sehemu za siri. Kama shule haina vitu hivyo, basi haijafika wakati wa mpira mgumu, hata shule jirani ikicheka. Nchini Uingereza mtoto wa chini ya miaka 13 haruhusiwi kusimama karibu na mpigaji kwa yadi 11, isipokuwa mlinzi wa wiketi na walio nyuma ya wiketi upande wa off. Hali kadhalika, mtoto mwenye mtupo wa kasi hulindwa mgongo wake: kwa miaka mingi kanuni ya huko ilisema wa umri huo asizidishe ova 5 mfululizo wala 10 kwa siku moja. Baba mwenye tamaa ya kuona mwanawe anashinda peke yake ndiye wa kwanza kuikasirikia kanuni hiyo.

Baba huyo asiwe mwamuzi mwanawe anapocheza. Waamuzi na watoke kwa wazazi wa darasa jingine, na kwa watoto wadogo kabisa ile sheria ya kutolewa kwa mguu mbele ya wiketi iachwe, kwa sababu huwagombanisha hata watu wazima waliosoma. Katika safari na mazoezi wawepo watu wazima wawili siku zote, wala mzazi mmoja asichukue mtoto wa mwenziwe peke yake katika gari, hata awe mzee wa kanisa au wa msikiti. Kanuni ikiwa ya wote, hakuna anayetukanwa nayo.

Michango ipokelewe kwa stakabadhi, na matumizi yatiwe sahihi na watu wawili, mmoja mwalimu na mmoja mzazi. Mwisho wa kila muhula kamati ihesabu magongo, mipira na kofia mbele ya mashahidi, na iandike. Funguo za stoo ziwe mbili, moja ofisini mwa mwalimu mkuu, moja kwa mwenyekiti wa kamati aishiye karibu na shule, ili mwalimu wa michezo akipata barua ya uhamisho siku ya Ijumaa, mazoezi ya Jumamosi saa tatu yafanyike kama kawaida.