Ushindi Ulionunuliwa kwa Njaa

Katika michezo twamsifu sana mshindi, lakini ni mara chache kuuliza ushindi wake umemgharimu nini. Yafaa tuulize, na habari za Fred Archer zatufundisha sababu yake.

Archer alikuwa Mwingereza, mpanda farasi wa mashindano katika zama za Malkia Victoria. Alizaliwa mwaka 1857. Tangu 1874 mpaka 1886, miaka 13 mfululizo, hakuna mpanda farasi Uingereza aliyempita kwa wingi wa ushindi. Aliingia mbio zaidi ya 8,000 akashinda 2,748. Mashindano makubwa ya Derby aliyashinda mara tano.

Sasa tuangalie upande wa pili. Katika mbio hizo kila farasi hupangiwa uzito wa kubeba, na mpandaji hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake. Archer alikuwa mrefu, kama futi 5 na inchi 10; mwili wake haukuwa wa kazi ile. Basi alijinyima chakula, akanywa dawa kali za kuharisha, akakaa katika mvuke atoke jasho. Oktoba 1886 alishinda na njaa karibu siku tatu ili ampande farasi mmoja, naye akashindwa kwa urefu wa kichwa tu. Siku chache baadaye alishikwa na homa kali, hali bado ana majonzi ya mkewe aliyefariki mwaka 1884. Tarehe 8 Novemba alijitoa uhai. Umri wake ulikuwa miaka 29.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu na farasi wao. Kweli, sisi wa Temeke na Kinondoni hatuna farasi, lakini mizani tunayo. Ndondi hupendwa sana mitaani kwetu, na mabondia hupangwa kwa uzito. Nimewaona vijana wakikimbia katika jua la mchana wamevaa makoti mazito, wala hawanywi maji, kwa kuwa kesho watapimwa. Jirani yangu mmoja alianguka mchangani, na waliomzunguka wakamsifu kwa ushujaa kabla hawajamtafutia maji.

Husemwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nakubali. Lakini kuinama si kuvunja mgongo. Kuamka alfajiri kufanya mazoezi ni kuinama. Kujikausha mpaka kuzirai ni kuvunjika, na bondia wa namna hiyo huingia ulingoni hana nguvu hata za kujikinga.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa michezo: kijana aliyekua apandishwe daraja la uzito, asilazimishwe kubaki chini. Wazazi nao watazame sahani inayorudi na chakula. Na sisi wanafunzi tusiipigie njaa makofi. Mwenzetu akiacha kula, au akizidiwa na huzuni, tukae naye, kisha tumwambie mwalimu au mzazi siku hiyo hiyo.