Kabla ununue monita ya 240Hz, hesabu fremu zako kwanza

Swali linalojaa kwa inboksi yangu kuliko lingine lolote ni hili: "Bro, nichukue 144 ama nijikaze nifike 240?" Mimi huwa najibu kwa swali: unachezea nini? Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. PS4. Laptopu ya ofisi ya ex-UK. Kompyuta ambayo GTA V ikifunguka inanguruma kama posho mill. Mtu anataka viatu vya Kipchoge na bado hajakimbia hata raundi moja ya uwanja.

Msimamo wangu nauweka hapa juu ili usihangaike kuutafuta: kwa wengi wenu, 240Hz ni kuchoma doo. Inchi 24, 1080p, 144Hz ama 165Hz, imeisha hiyo. Na kuna wengine wenu hata hiyo hamuihitaji sai.

Hebu tupige hesabu. Hz ni idadi ya mara ambazo skrini inabadilisha picha kwa sekunde moja. Kwa 60Hz, picha mpya inakuja kila baada ya milisekunde 16.7. Kwa 144Hz, kila 6.9. Kwa 240Hz, kila 4.2. Mimi chuo sikumaliza, lakini hii ni hesabu ya primary, unagawanya 1000 kwa Hz basi. Sasa toa. Ukitoka 60 kwenda 144 umeokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Ukitoka 144 kwenda 240, hazifiki hata 3. Ukitoka 240 kwenda 360, ni moja na kitu. Bei nayo haina huruma hiyo, inapanda tu. Kila ngazi unalipa zaidi ili upate kidogo kuliko ulichopata kwa ngazi ya nyuma.

Na msije mkasema natusi 144. Tofauti ya 60 na 144 iko, na inaonekana kwa macho ya mtu yeyote. Ukishika simu ya 120Hz uskroli dakika mbili, halafu urudi kwa simu ya mathako ya 60Hz, unahisi kama imechoka. Kwa gemu za risasi ni hivyo hivyo. Adui akikatiza mlangoni kwa Counter-Strike, kwa 60 anaruka vipande vipande. Kwa 144 unamwona akipita na mausi inamfuata. Hiyo pesa inalipa.

Lakini skrini haitengenezi fremu. Watu wengi hawataki kusikia hii. Fremu zinapikwa na prosesa na kadi ya grafiki, monita ni weita tu anayeleta sahani mezani. Jikoni wakitoa chapati 70, hata uajiri weita 240 hakuna chapati inaongezeka. Kwa hivyo kabla uende tao, fungua gemu yako, washa kihesabu cha fremu (Steam iko nacho, Valorant iko nacho ndani ya setingi za video), na ucheze mechi mzima. Usiangalie namba ukiwa umesimama kwa spawn ukitazama ukuta. Iangalie wakati moshi umejaa, watu watano wanapigana na mabomu yanalipuka. Hiyo namba ya chini ndiyo namba yako ya ukweli. Kama ni 80, 240Hz haina kazi kwako. Afadhali hiyo pesa iende kwa kadi ya grafiki, ama uongeze RAM kama bado uko na kijiti kimoja.

Habari njema ni kwamba gemu nyingi za ushindani zimetengenezwa nyepesi makusudi. Valorant ilipotoka 2020, Riot wenyewe walisema kadi ya GTX 1050 Ti inatosha kufika fremu 144. Hiyo ni kadi ya 2016, maze. Kwa hivyo 144 iko karibu na watu wengi kuliko wanavyodhani. Kushikilia 240 bila kushuka, hasa kwa CS2 ambayo inakula prosesa vibaya, ni mbio ingine kabisa.

Sasa wasee wa konsoli, nyinyi ndio mnaniumiza roho kabisa, kwa sababu nchi hii inacheza mpira wa PlayStation kuliko gemu ingine yoyote, na wauzaji wanajua. PS4 haitoi zaidi ya 60Hz. Hata PS4 Pro. Unaweza kuichomeka kwa monita ya bei ya boda boda, itabaki 60. PS5 inafika 120Hz, lakini lazima gemu yenyewe iwe imetengenezewa hiyo. Fortnite iko na mode ya 120. EA FC 24 kwa PS5 ni fremu 60. Tekken 8 imefungwa kwa 60 hata ukiwa na kompyuta ya milioni, kwa sababu gemu za ngumi huhesabu kila pigo kwa fremu na haziwezi kuacha kila mtu awe na zake. Sylvia Gathoni, QueenArrow, alisainiwa na timu ya Marekani ya UYU mwaka 2018 akicheza Tekken 7. Hiyo pia ilikuwa gemu ya fremu 60.

Kama wewe ni wa FIFA ama ngumi, kitu cha kufuatilia ni ucheleweshaji: muda kati ya kubonyeza na kuona kwa skrini. Ile TV ya sebuleni inachelewa kwa sababu inajaribu kurembesha picha kwanza. Ingia kwa setingi zake, tafuta "Game Mode", washa. Bure kabisa. Umeshapata faida kubwa kuliko wale waliokopa.

Kuna kitu kingine hakuna muuzaji atakuambia. Wengi wetu tunacheza kwa seva za Ulaya ama Ghuba. Mwanga ndani ya kebo ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt, hata ungenyoosha waya juu kwa juu kama ndege, ni zaidi ya kilomita 6,000. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 60, na hiyo ni kama kebo ingepita moja kwa moja. Haipiti. Inashuka Mombasa, inaingia baharini, inazunguka, inapita mitambo njiani. Unapata pingi ya mia na ushee. Halafu unaniambia zile milisekunde 3 za kutoka 144 hadi 240 ndizo zilikufanya upoteze ile raundi? Zii. Kwanza toka kwa waifai, vuta waya wa LAN kutoka kwa ruta. Kama gemu inakuruhusu kuchagua seva, jaribu Johannesburg na Dubai uone ni gani inakupenda.

Najua kuna mtu atanitumia ile grafu ya Nvidia. Mwaka 2019 walionyesha kwamba wachezaji walio na monita za Hz nyingi wanaua zaidi kuliko wanavyouliwa. Sawa. Lakini nani hununua monita ya 240? Ni mtu ambaye anacheza kila siku, ako na kompyuta kali, na tayari alikuwa mkali kabla ya monita. Ukipima watu walio na baiskeli za mbio utapata wanaendesha haraka kuliko mimi, na si baiskeli peke yake. Halafu kumbuka Nvidia huuza nini.

Sasa ukifika Luthuli na pesa yako mfukoni. Kwanza usidanganywe na ile stika ya "1ms". Kila boksi iko nayo. Kuna njia zaidi ya moja za kupima hiyo namba, na kampuni huchagua inayowapendeza. Uliza paneli ni aina gani. IPS ndiyo chaguo langu: rangi poa, kasi ya kutosha. TN ina kasi na ni rahisi, lakini ukikaa upande kidogo rangi zinageuka. VA iko na weusi mzuri kwa filamu, lakini zile za bei ya chini huacha kivuli nyuma ya kitu kinachotembea gizani, na kwa gemu ya risasi adui hukaa wapi kama si gizani? OLED ni tamu kuliko zote. Tuiache, hatuongei kuhusu kodi ya nyumba leo.

Hakikisha iko na FreeSync ama G-Sync Compatible, ili fremu zikipanda na kushuka picha isikatike katikati. Usilipe zaidi eti kwa sababu uko na kadi ya Nvidia. Tangu Januari 2019 kadi zao zinakubali monita nyingi za FreeSync.

Mwambie muuzaji aiwashe. Akikataa, toka. Fungua UFO Test kwa kompyuta yake, uone kama kweli inasoma 144 na kama yule UFO ana mkia wa kivuli. Weka skrini nyeupe, halafu nyeusi, utafute pikseli zilizokufa. Kama ni ya mtumba, hii si hiari.

Na sasa niseme ile ambayo itanikosanisha na watu. Sisi wa kutengeneza kontenti tunapata komisheni ukinunua kupitia linki yetu, na asilimia ya kitu ghali ni pesa zaidi kuliko asilimia ya kitu rahisi. Ndiyo maana huoni video inaitwa "monita yako ya sasa iko sawa." Ingelipwa na nani? Nimeona kijana wa form four akiulizia 240Hz ya kulipa polepole kwa mwaka mzima, na ukijumlisha zile malipo zake angenunua 165Hz, mausi ya maana, na abaki na za intaneti miezi kadhaa. Anadhani ako nyuma kwa sababu sisi tumemwambia ako nyuma. Yeye ako na tatizo la kulenga, kama mimi, kama wengi wetu, na hiyo inatibiwa na nusu saa ya mazoezi kila siku kabla ya mechi.

Kama tayari ulinunua ya 144, fanya hii sai kabla uendelee kuskroli. Angalia nyuma ya kompyuta: waya umechomekwa kwa kadi ya grafiki, ama kwa ubao mama? Kama iko na DisplayPort, tumia hiyo, kwa sababu HDMI ya monita zingine haifiki juu. Halafu kwa Windows ingia Settings, System, Display, Advanced display, uangalie pale pameandikwa Hz. Nimeshaangalia kompyuta za marafiki watatu mwaka huu, wote walikuwa wakijisifia 144. Mbili zilikuwa zinaendesha 60.