Jina Halina Nyota

Mwezi wa pili mwaka huu tulijaliwa mjukuu wa kike, na kabla kitovu chake hakijadondoka nyumba yangu ilikuwa imekwisha kuingia katika ugomvi wa jina. Mwanangu alikuja na kijitabu cha majina ya watoto, kurasa hamsini hivi, jalada la rangi ya waridi, alichokinunua kituo cha mabasi. Kwenye herufi K alikuwa amepiga mstari kwa kalamu. Palisemwa kwamba Katherine ni jina la wasanii; kwamba limebebwa na mcheza dansi, na mwandishi wa hadithi, na nyota wa filamu, wote wakavuma dunia nzima; na kwamba mtoto atakayepewa jina hilo atakuwa na kipaji. Mistari mitatu tu. Hakuna jina la pili la hata mmoja wao, hakuna mwaka, hakuna nchi.

“Baba,” akaniambia, “jina hili lina nyota.”

Nilimjibu vibaya, hata mke wangu akanikanya mbele ya mkwe. Kwa hiyo naandika hapa kwa utulivu yale niliyoyasema siku ile kwa kelele. Wasomaji wengine watasema mzee anakuza jambo dogo. Na waseme. Nimefundisha miaka 38, mingi katika vyuo vya ualimu, na nimejifunza kwamba mambo makubwa ya elimu huharibikia kwenye mistari mitatu kama hiyo.

Kosa la kwanza la kijitabu hiki ni la heshima. Nilikigeuza hadi herufi W. Chini ya William amewekwa Shakespeare, jina lake kamili, mji wake wa Stratford, na mwaka wake wa kufa, 1616. Huyo ni mtu. Lakini wanawake watatu, ambao ukijumlisha umri wao unapata miaka zaidi ya 220, wamefungwa pamoja kama fungu la mchicha, wakaitwa akina Katherine.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa: mzee, hata sisi huitana kwa majina ya kwanza, na hatuoni kasoro. Ni kweli. Lakini tazama vizuri. Mwimbaji wetu mkuu wa Unguja hakuwa Siti tu, alikuwa Siti binti Saad. Na Bi Kidude alijulikana kuwa ni Fatuma binti Baraka. Jina la kwetu lina mlango wa nyuma, ukiupitia unafika kwa watu wake. Tena huyo Siti alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Hilo la Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja kwa ajili ya sauti yake, na kufikia 1928 sauti hiyo ilikuwa imempeleka Bombay kurekodi sahani za santuri. Nyota haikutoka kwenye jina. Jina ndilo lililokuja kuifuata. Na wanaonitajia methali ya jina jema kung'ara gizani wanajua fika kwamba methali ile haizungumzii jina la ubatizo.

Haya, tuwatazame hao watatu.

Mwandishi wa hadithi, kama kijitabu kilimkusudia Katherine Mansfield, hakuzaliwa akiitwa hivyo. Alizaliwa Wellington, New Zealand, mwaka 1888, akaitwa Kathleen Mansfield Beauchamp. Hilo jina alilotokea nalo vitabuni alilikata na kulishona mwenyewe. Na kama walimkusudia Katherine Anne Porter wa Texas, huyo naye utotoni aliitwa Callie! Basi nyota iko wapi, ikiwa jina lenyewe lilitafutwa ukubwani? Mansfield aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na tisa, mwaka 1908, asirudi tena. Mdogo wake wa kiume aliuawa vitani mwaka 1915, na baada ya msiba huo ndipo alipogeuza uso na kuanza kuiandika New Zealand ya utoto wao. Ugonjwa wa kifua kikuu ulimwua Ufaransa mwaka 1923, akiwa na miaka 34. Virginia Woolf, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikiri katika kumbukumbu zake za siri kwamba aliuonea wivu uandishi wa mwanamke huyo. Katika hadithi yake moja, watoto wawili wa dobi wanakatazwa na shule nzima kwenda kuona nyumba ya wanasesere, mpaka mtoto mmoja anawafungulia lango kwa siri. Wanafukuzwa upesi, lakini mdogo wao amekwisha kukiona kile kitaa kidogo cha ndani. Niliwasomea wanachuo wangu hadithi hiyo kila mwaka, kwa sababu mwalimu asiyeielewa asikabidhiwe darasa.

Nyota wa filamu ni Katharine Hepburn, aliyeandika jina lake kwa a mahali pa e, kama mama yake, mpigania haki ya wanawake ya kupiga kura. Alizaliwa 1907, akafa 2003, na akapata Oscar nne za mwigizaji mkuu wa kike. Hakuna mwigizaji mwingine aliyezifikia. Hiyo nayo ni nyota ya jina? Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema Marekani walimtaja hadharani miongoni mwa wanaowafukuzia wateja. Alirudi kwa akili: alihakikisha haki ya kutengeneza filamu ya mchezo alioufanikisha jukwaani iko mikononi mwake, ili asiuziwe mwingine, na filamu hiyo ya 1940 ikamrudishia heshima. Sisi huku tunamkumbuka kwa The African Queen ya 1951, ambayo nusu yake ilipigwa Uganda na Kongo ya Wabelgiji, na kisa chake kimewekwa katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, mwaka 1914. Nilipopanda meli ya Liemba kutoka Kigoma mwaka 1988, mabaharia walituambia kwamba ile manowari ya kwenye filamu ndiyo hii tuliyoipanda; na kweli wengi husema kwamba Liemba, iliyokuwa Graf von Götzen ya Wajerumani, ndiyo iliyompa mtunzi wa riwaya wazo lake. Filamu ni nzuri. Lakini katika filamu hiyo Mwafrika ni kelele za nyuma. Anaimba bila kujua anachoimba, anachomewa kijiji, kisha hadithi inamwacha hapo.

Sasa nifike kwa yule wa tatu, ambaye kijitabu kilimweka wa kwanza kwa bahati tu, na ambaye kwa watu wengi niliowauliza ndiye asiyejulikana kabisa. Katherine Dunham alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa 1909 katika eneo la Chicago. Alisoma elimu ya jamii na mila za watu katika Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1935 akaenda Jamaika, akakaa na Wamaroon wa Accompong, wajukuu wa watumwa waliokimbilia milimani, kisha akaenda Haiti. Hakwenda kutazama kama mtalii. Alijifunza kucheza kwa kucheza, akaingizwa hata katika dini ya watu wale, na akaandika kazi yake ya kitaaluma juu ya dansi za Haiti. Alichokionyesha ni jambo ambalo lugha yetu ilikwisha kulijua zamani: kwetu ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wenyewe, vyote kwa neno moja, maana ukimtoa mcheza ngoma kwa watu wake na imani yake unabaki na mtu anayerukaruka.

Akarudi, akaunda kundi lake, akabuni mtindo wa kufundisha mwili ambao bado unaitwa kwa jina lake. Kwa jina lake la pili, msomaji, la Dunham! Mwaka 1944 huko Louisville, Kentucky, baada ya onyesho, aliwaambia watazamaji kwamba hatarudi kucheza hapo mpaka watu weusi wakae pamoja na weupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha mjini Santiago, Chile, dansi yake juu ya watu weusi wanaonyongwa na makundi ya wahuni kusini mwa Marekani, na serikali ya nchi yake ikachukia. Mwaka 1966 alikuwa Dakar, akisaidia katika tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi. Kisha, badala ya kutulia mjini New York na sifa zake, akaenda East St. Louis, mji wa masikini, akafungua kituo cha kufundisha vijana wa mitaani. Mwaka 1992, akiwa na miaka 82, alifunga kula siku 47 kupinga jinsi Marekani ilivyokuwa ikiwarudisha wakimbizi wa Haiti. Alifariki 2006. Huyu ndiye aliyeandikwa kijitabuni “mcheza dansi”, nukta.

Kwa nini Hepburn ajulikane, na Mansfield awe na nafasi katika mitihani, halafu Dunham aulizwe ni nani? Kwa sababu sisi walimu tumepanga ngazi. Juu kabisa tumeweka kilichoandikwa. Katikati, kwa shingo upande, tumeweka kinachoonyeshwa kwenye kitambaa cheupe, kwa kuwa kina fedha. Chini kabisa, kwenye vumbi, tumeweka kinachochezwa. Na hapa siwezi kuendelea kumnyooshea kidole mtunga kijitabu, maana mimi ni mmoja wa mafundi walioijenga ngazi hiyo.

Mwaka 1984, nikiwa mkufunzi wa hisabati, nilitumwa kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi kijijini. Mwanachuo niliyemkuta darasa la tano alikuwa binti wa miaka ishirini hivi, ambaye jina lake la ubatizo lilikuwa hilohilo la ugomvi wetu, kwa tahajia ya kwetu. Andalio lake la somo lilisema: Kigawe Kidogo cha Shirika. Darasani hapakuwa na mtu. Niliwakuta nje chini ya mwembe. Alikuwa amewagawa watoto makundi mawili. Wa kwanza walipiga makofi kila pigo la pili, wengine wakapiga mguu chini kila pigo la tatu, na yeye akihesabu kwa kugonga debe. Makofi na miguu vilipokutana, wote waliruka na kupiga kelele: sita! Halafu kumi na mbili! Kisha akabadilisha, mbili kwa tano, na mtoto mmoja mdogo, kabla debe halijagongwa hata mara moja, akasema: tutaruka kwenye kumi.

Nilisikia. Kwa masikio yangu haya nilimsikia mtoto huyo. Na bado niliandika kwenye fomu ya tathmini, kwa wino mwekundu: Somo limegeuzwa ngoma. Nikamfelisha. Alinifuata nilipokuwa nikipanda baiskeli, akaniuliza kwa adabu, “Samahani, Mwalimu, watoto hawakuelewa?” Nikamjibu kwamba hatukumpeleka pale kufundisha kucheza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakati uleule tulikuwa tukiwafundisha wanachuo hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipounda wizara ya utamaduni na kuwasuta wasomi waliojua rumba na dansi za Wazungu lakini hawaijui hata gombe sugu. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo kilikuwa kimefunguliwa 1981. Tuliisifu hotuba ubaoni, tukatoka nje, tukamkata alama binti aliyeitii.

Alirudia mazoezi yake, akafaulu kwa chaki na kimya. Miaka mingi baadaye, nikiwa mkuu wa chuo, tulikutana kwenye semina. Alinisalimia, “Shikamoo, Mwalimu,” akaniambia bila kinyongo kwamba tangu siku ile hakuwahi tena kuwatoa watoto nje. Hapo ndipo pangekuwa pa kuomba radhi. Nilimwuliza habari za mvua za kwao. Na ilikuwa mwaka 1996 tu, nilipokuwa nikifungua sanduku la vitabu vya msaada kwa ajili ya maktaba, nilipokutana na kitabu cha Dunham juu ya Haiti, nikasoma usiku kucha, nikaelewa nilimfanyia nini yule binti chini ya mwembe.

Basi simlaumu mtoto wangu kwa kupenda jina. Akina Katarina ninaowajua hapa Morogoro wanalima mpunga na kuuza vitumbua, na wako wenye akili kunizidi. Ninachokataa ni mtoto kuahidiwa kipaji kwa herufi, kisha siku kipaji kikionekana, kikaonekana miguuni, apigwe wino mwekundu na mtu kama mimi.

“Sasa, Baba,” mwanangu aliniuliza jioni ile, baada ya kunivumilia muda wote huo, “jina unalikataa au hulikatai?”

Nikamwambia silikatai. Nikaomba kile kijitabu na kalamu. Mistari ile mitatu niliikata, na kwa kuwa pambizoni hapakutosha, nikabandika karatasi ya daftari. Nikaandika majina yao kamili, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na kazi ya kila mmoja. Chini yao nikaongeza jina la nne, kamili, ambalo silichapi hapa kwa kuwa mwenyewe yu hai na sijamwomba ruhusa.

Mkwe wangu alisoma karatasi yote huku akimnyonyesha mtoto. Akauliza huyu wa nne alicheza filamu gani. Nikamwambia alifundisha hisabati darasa la tano.