Pasaka ya Kirua Vunjo iwe pia darasa la historia

Pasaka huwapa watumishi wa umma na walimu wa nchi hii siku nne mfululizo za mapumziko, tangu Ijumaa Kuu hadi Jumatatu. Katika Kirua Vunjo, kutoka Uchira kwenye barabara kuu ya Moshi na Himo hadi vihamba vya juu vilivyo jirani na msitu wa Kilimanjaro, siku hizo ni za familia. Masika yameanza, migomba imenawiri, na njia za mlimani zina utelezi. Hata hivyo watoto wa Kirua walioko Dar es Salaam, Arusha na Dodoma hupanda mlima kuwaona wazazi wao. Mbuzi huchinjwa, kata ya mbege huzungushwa, makaburi yaliyomo kihambani hupaliliwa, na baada ya hapo kila mmoja hurejea kazini kwake.

Desturi hiyo ni njema na haina budi kudumishwa. Lakini yafaa tujiulize mtoto anayeletwa nyumbani kwa siku hizo nne huondoka na nini. Hupewa kipande chake cha nyama, wala haambiwi kwa nini mgawanyo wa mnyama una utaratibu, kila jamaa akiwa na fungu lake. Huruka mfereji wa maji mara kumi kwa siku bila kujua ni ukoo gani uliouchimba. Huliona jani la sale mpakani mwa kihamba akalidhani ni ua la mapambo, kumbe jani hilo ndilo alama ya mpaka, na ndilo ambalo mkosaji hulibeba anapokwenda kuomba radhi. Mtoto huyo hurudi mjini ameshiba, lakini kuhusu kwao hajui zaidi ya alivyojua alipokuja.

Maoni ya mwandishi huyu ni kwamba mapumziko ya Pasaka katika Kirua Vunjo yapangwe, mwaka hadi mwaka, yawe pia siku za historia, sanaa na ukoo, na kwamba shule za msingi ndizo ziwe mahali pa shughuli hiyo. Fedha nyingi hazihitajiki. Linalohitajika ni walimu na watumishi waliokwisha kuwa nyumbani siku hizo kukubali kutoa saa chache za mapumziko yao.

Kirua haina upungufu wa mambo ya kufundisha. Tuanze na mifongo, ile mifereji ya kumwagilia iliyowastaajabisha wageni wa karne ya 19 walipofika Kilimanjaro. Wazee wetu waliyaongoza maji kutoka mitoni, wakayapitisha kwenye kingo za miteremko mikali hadi migombani, bila kipimo cha mhandisi wala karatasi ya ramani. Kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioasisi kazi, mzee wa kuusimamia, na zamu za maji zilizojulikana. Asiyetokea siku ya kazi ya pamoja alitozwa faini. Huo ulikuwa utawala wa watu juu ya mali yao ya pamoja, na mwanafunzi anayesoma uraia darasani angeuelewa upesi zaidi akiwa amesimama kando ya mfongo wenyewe.

Kuna kihamba, shamba ambamo mgomba, kahawa, miti mikubwa, mboga na ng'ombe wa zizini hukaa pamoja bila kugombana. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huo kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, likichagua eneo la Shimbwe Juu, huko huko Wilaya ya Moshi. Kuna mapango yaliyochimbwa Vunjo chini ya ardhi ili watu na mifugo wajifiche wakati wa vita. Kuna pia historia ya kahawa na ushirika: chama cha wakulima wa Kiafrika wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1925, kikafuatiwa mwaka 1933 na KNCU. Ni babu na bibi wa Kirua, pamoja na wenzao wa mlima mzima, waliobeba magunia ya kahawa hadi kwenye chama chao cha msingi, na karo za wengi wanaosoma ukurasa huu zilitoka kwenye magunia hayo.

Kwa upande wa sanaa, walimu wangefaa kuijua habari ya mregho. Hii ilikuwa fimbo iliyochongwa alama, kila alama ikiwa na somo lake, na vijana walifundishwa kwa kuifuata fimbo hiyo alama kwa alama, huku masomo yakisindikizwa na nyimbo. Hapo uchongaji, wimbo na elimu vilikuwa kitu kimoja. Anayedai kwamba ufundishaji wa zana uliletwa na vyuo vya ualimu hajapata kuisikia habari hiyo.

La kusikitisha ni kwamba dunia imeanza kuvithamini vitu hivi wakati wenyewe tunavisahau. Mwaka 1990 Lioba Moshi, mwanaisimu Mtanzania, pamoja na mwenzake Joan Bresnan wa Marekani, walichapisha uchunguzi wa sarufi ya Kichaga ambao wanaisimu wa nchi nyingi wameusoma na kuujadili. Mwaka 1994 Steven Pinker, msomi mashuhuri wa mambo ya lugha na akili, alikitaja Kivunjo katika kitabu chake kuwa mfano wa lugha yenye kitenzi cha ajabu kwa wingi wa viambishi vyake. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya mbali huichambua lugha hiyo kwenye mitihani, lakini mjukuu wa Kirua aliyekulia mjini hawezi kumjibu bibi yake salamu. Kiswahili ni lugha yetu ya taifa na hakuna wa kukiondoa mahali pake. Lakini Kiswahili hakikupata kumtaka mtu asizungumze na bibi yake.

Wako watakaosema kwamba haya ni ya zamani na hayana faida leo. Hao na watazame jirani tu, Old Moshi. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, na jamaa zao wanaamini kwamba fuvu lake lilichukuliwa likapelekwa Ujerumani. Familia hazikusahau. Ziliendelea kudai, na mwaka 2019 maonyesho ya kumbukumbu yake yaliwekwa huko huko Old Moshi. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeoanisha baadhi ya mafuvu yaliyokuwa ghalani mwake na jamaa walio hai nchini Tanzania. Mojawapo lilikuwa la mtu aliyetajwa kuwa akida, mshauri wa Mangi Meli. Sayansi ilifanya kazi yake, lakini isingejua pa kuanzia kama watu wa ukoo wasingekumbuka nani ni mjukuu wa nani. Kumbukumbu ya familia ilikuwa ushahidi kwa muda wa miaka 120 na zaidi. Je, ukoo usiokumbuka utadai nini, na kwa jina la nani?

Pingamizi lililo zito zaidi ni la ukabila, nalo linastahili jibu la kweli. Katika miaka ya 1950 Wachagga walikuwa na Mangi Mkuu wao, bendera yao na sikukuu yao, na wapo walioona hapo mwelekeo wa kujitenga. Taifa huru halikuweza kujengwa juu ya himaya ndogo ndogo, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini ikumbukwe kwamba mwaka mmoja kabla, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, akataka yatafutwe yaliyo mema katika mila za makabila yote yawe fahari ya nchi nzima. Kilichofutwa kilikuwa mamlaka ya machifu. Kumbukumbu za wananchi hazikufutwa. Tofauti baina ya ukabila na utamaduni iko wazi: ukabila husema changu ni bora kuliko chako, utamaduni husema hiki ndicho nilicho nacho, njoo ukione. Kwa hiyo mwalimu aliyetoka Songea au Ukerewe na kupangiwa kazi Kirua naye aalikwe asimulie ya kwao.

Hatari iliyo karibu zaidi ni nyingine. Siku kama hizi zikianza kupendeza, wenye fedha huzivamia. Huletwa vipaza sauti, fulana zenye majina, viti vya mbele vya wageni rasmi na harambee ya kushindana kutaja kiasi. Bibi anayejua nyimbo za mavuno huwekwa nyuma, pengine hapewi nafasi kabisa. Tusikubali hivyo. Anayeheshimiwa siku hiyo awe yule anayejua, hata akiwa amekuja na kandambili. Na wanawake wasikilizwe kwa namna ya pekee, maana historia ya masoko, ya malezi na ya kazi ya kihamba imo vinywani mwao, na ndiyo iliyoandikwa kidogo kuliko zote.

Utaratibu unaweza kuwa rahisi. Jumamosi mchana, kabla ya ibada za usiku, watoto na wazee watembelee mfongo mmoja tangu kwenye banio hadi mwisho wake, na mvua ikizidi wakae darasani wasimuliwe. Jumapili iachwe kwa makanisa. Jumatatu asubuhi iwe ya wote, Wakristo kwa Waislamu, kwa ngoma, hadithi, ususi na uchongaji shuleni. Kisha kila familia ilete karatasi moja: majina ya ukoo tangu anapokumbukwa babu wa mbali, mahali walikohamia kutoka, na tukio moja wanaloona lisipotee. Mwalimu anakili, anayatunza kabatini, na mtendaji wa kata anabaki na nakala. Vijana wenye simu warekodi sauti za wazee, kwa Kivunjo kwanza, tafsiri baadaye. Ofisa Utamaduni wa wilaya asingojee barua ya kumwalika.

Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle alichapisha kwa Kiswahili kitabu cha maisha na mila za Wachagga, na hadi leo tunakirejea. Aliwapata wazee waliokumbuka mambo ya kabla ya Wajerumani. Wazee hao hawapo tena. Walio hai leo wanakumbuka kijiji kabla ya umeme, miaka ya kwanza ya Uhuru, siku ambazo kahawa ilikuwa na bei, na majina ya waliochimba mifongo kama walivyoambiwa na baba zao. Kila Pasaka tunawakuta wamepungua, nasi tunahudhuria mazishi yao na kusoma wasifu wa kurasa mbili zilizoandikwa kwa haraka usiku wa kuamkia maziko.

Mwalimu mmoja, daftari moja na Jumatatu moja vyatosha kuanza. Anayesubiri agizo kutoka juu na atambue kwamba mifongo ya Kirua haikuchimbwa kwa agizo la wizara.